Mpime mama kwanza, taili baadaye

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Donholm, nalifupisha. Wako kwa mezonet, vyumba vya kulala vyote viko juu na bafu pia iko juu, chini kuna sitingi rumu, jikoni, kastoo kadogo kando ya jikoni na choo cha wageni kimejibana chini ya ngazi. Mama yake alianguka huko Kitui akavunjika nyonga, ameshafanyiwa upasuaji, anatembea na woka, ile fremu ya miguu minne, na mwezi ujao anahamia kwake. Ana bajeti ya 450,000. Anataka kubomoa ukuta wa jikoni iungane na sitingi rumu, aweke kaunta ya katikati kama zile anaona kwa simu, juu yake graniti nyeusi, halafu "kitakachobaki nimtengenezee mama bafu huko juu, nimwekee vyuma vya kushikilia". Anauliza kama hiyo pesa itatosha.

Dadangu, pole kwanza kwa mama. Pesa inaweza kutosha ndio, lakini hiyo mpango yako iko kichwa chini miguu juu. Umeanza na graniti ukamaliza na mama na ni mama ndio anakuja. Niko kwa hii kazi ya mjengo mwaka wa kumi na nane sasa, nyingi ya hiyo miaka ni bafu na jikoni za watu wa Eastlands, na kitu naona kila mara ni mtu anamaliza pesa kwa kile kinaonekana, halafu kile kiko ndani ya ukuta na chini ya sakafu kinafanywa na chenji.

Kwa hivyo kabla hujaita fundi yeyote, hata mimi, chukua tepu umpime mama. Si mzaha. Mkalishe kwa kiti kigumu, si kochi, upime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Hiyo namba ongeza sentimita mbili tatu hivi, ndio urefu wa choo anachohitaji. Vyoo vingi tunavyouziwa vinakaa karibu sentimita 40, na mtu wa nyonga kukaa chini hivyo ni shida na kuinuka ni shida mara mbili, fizio wake lazima amemwambia asikalie viti vya chini. Anahitaji kitu cha kati ya 43 na 48. Kama choo ulichonacho ni kizima usikitupe, kuna viti vya plastiki vya kuinua vinakaa juu ya bakuli na kufungwa kwa skrubu, ama fundi anaweza kuinua choo chenyewe juu ya kijukwaa cha zege, lakini kijukwaa kiishie pale bakuli linaishia, kikitokeza mbele ni kitu kingine cha kujikwaa.

Halafu pima woka yake upana. Nyingi ni kama sentimita 60 hadi 65. Sasa nenda upime mlango wa choo chenu cha chini. Najua utapata nini, sabini na kidogo, ukitoa fremu na ule unene wa mlango ukiwa wazi unabaki na nafasi ya kupita mwizi. Na ngazi je? Umeniambia bafu ya mama itakuwa juu. Mtu wa woka apande ngazi mara ngapi kwa siku? Usiku akishikwa na mkojo je? Ngazi ndio inafanya nikwambie hapana kwa bafu ya juu hata kabla sijaona nyumba. Mama alale chini, jipangeni na hiyo kona ya meza ya kulia iwe na pazia nzito ama patisheni ya mbao, watoto wakimtafuta shosho watampata hapo, na bafu yake iwe chini pia.

Utasema chini hakuna bafu. Iko, imegawanywa mara mbili tu. Umeandika choo ni kama mita moja kwa mbili, na stoo imepakana nacho na ni karibu sawa na hicho. Ukuta wa katikati ukitoka unapata chumba cha mita mbili kwa mbili na kidogo. Hapo choo kinaingia, shawa inaingia, sinki ndogo ya kunawa inaingia, na woka inazunguka. Hata ikifika siku awe kwa kiti cha magurudumu, Mungu apishie mbali, hicho kiti kinataka duara ya mita 1.5 kugeuka na itapatikana kama hutajaza hapo ndani makabati. Vitu vya stoo vitaenda wapi? Tutafika jikoni. Kitu kimoja cha kuangalia, upande wa ngazi dari inashuka, kwa hivyo choo usikisukume sana chini ya ngazi, mtu akiinuka asigonge kichwa. Ule upande mfupi ndio wa kuweka ndoo za maji na sabuni.

Sasa huo ukuta wa kati ya choo na stoo. Kuna ukuta wa kugawanya tu na kuna ukuta umebeba nyumba, na hapa ndio watu wanaangukia. Pima unene pale mlangoni. Ukiwa wa inchi nne ama sita kuna matumaini, ukiwa wa inchi tisa shuku, lakini unene peke yake si jibu, kwa mezonet lazima uangalie juu yake kuna nini, kuna ukuta mwingine umekalia, ama ngazi imeegemea hapo. Lipa injinia wa mijengo aje saa moja aangalie, ni pesa kidogo ukilinganisha na slabu, ile sakafu ya zege ya juu, kupasuka. Na ule wa jikoni na sitingi rumu ambao ulitaka kubomoa, kwa mezonet nyingi nimeingia ndio umebeba slabu ya juu, ukiutoa lazima uweke biimu ya chuma ama ya zege na kuishikilia nyumba na mapropu, zile nguzo za muda, wakati huo wote, na kazi ya aina hiyo inataka michoro na kibali cha kaunti. Biimu peke yake ingekula pesa ya mama yote. Uache huo ukuta hapo ulipo. Halafu, kati yangu na wewe, jikoni iliyofunguka kwa sitingi rumu ni tamu kwa picha, omena ikikaangwa ndio utajua mbona wazee walijenga ukuta.

Mlango wa bafu: uwe wa sentimita 90 ili ukifunguka ubaki na kama 80 ya kupita. Hiyo inamaanisha lintoli, ile biimu ndogo iliyo juu ya mlango, itarefushwa, fundi akikwambia atachonga tu pembeni mkatalie. Na ufunguke kwenda nje, ama uwe wa kuteleza. Hii nasisitiza. Mtu akianguka bafuni mara nyingi anaangukia mlango, na ukiwa unafunguka kwenda ndani mtabaki huko nje mkisukuma na yeye ndio amekuwa kabari. Kitasa kiwe cha kushusha na mkono, si kile cha duara, na komeo liwe aina unaweza kufungua kutoka nje na sarafu.

Kizingiti hakuna. Kabisa. Wale mafundi wetu wanapenda kuweka kale kaukuta ka inchi nne maji ya shawa yasitoroke, na ndio kanaangusha watu. Sakafu iwe moja kutoka sitingi rumu hadi chini ya shawa, maji yaelekezwe na mteremko. Mteremko ni sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, ukizidisha woka inateleza, ukipunguza maji yanasimama. Kwa sababu hii ni chini, si juu, fundi anaweza kuchimba ile skridi ya zamani, ule mchanga na simiti wa kusawazisha sakafu, akashusha paipu ya inchi mbili ya shawa hadi kwa gali trapu, kile kishimo cha nje cha maji machafu, bila kuinua sakafu. Huko juu ungeinua sakafu ama uharibu dari ya sitingi rumu.

Baada ya skridi kuna dawa ya kuzuia maji. Hapa ndio pesa nyingi za watu hupotea bila kuonekana. Si ile ya kuchanganya kwa simiti peke yake, nataka ile ya kupaka na brashi, koti mbili, ya pili ikienda kinyume na ya kwanza, pembeni zote ziwekwe ule utepe wa wavu, na ipande ukutani, kwa shawa hadi juu ya kichwa cha mtu, kwingine angalau sentimita 30. Ikikauka ziba trapu na pale mlangoni kwa muda, mwaga maji, weka alama ukutani na kalamu, uyaache hadi kesho yake saa kama hiyo. Kama yameshuka chini ya alama kuna mahali yanapita. Fundi atakwambia hiyo ni kupoteza siku. Mwambie ni siku yako.

Taili sasa, kwa sababu najua umekuwa ukingoja. Zile kubwa za 60 kwa 60 zinazong'aa kama kioo, za kila nyumba ya kupangisha mpya, ziko na urembo wake lakini si bafuni kwa mama. Tafuta za matt zenye uso wa kukwaruza, kwa boksi ama kwa karatasi yake uulize ile alama ya R, inayoonyesha taili inazuia kuteleza kiasi gani, namba ikipanda ndio inashika zaidi, kwa mahali pa maji na miguu mitupu ujaribu kupata R11, R10 si mbaya, R9 uiache sitingi rumu. Chini ya shawa weka ndogo ndogo, kwa sababu ile mistari mingi ya grauti ndio inashika mguu, na ndogo zinafuata mteremko bila kukatwakatwa. Ukiwa dukani mwombe muuzaji maji na sabuni kidogo, vua kiatu, ukanyage. Wale wa maduka ya Mombasa Road na Industrial Area washanizoea, wewe watakucheka, wacha wacheke. Nunua na boksi moja ama mbili za ziada, kama asilimia kumi, manake mwaka ujao ukitaka hiyo hiyo utaambiwa iliisha na rangi ya shehena mpya haifanani.

Rangi pia si ya urembo tu. Choo cheupe, ukuta mweupe, sakafu nyeupe, jicho la mzee halioni kitu kinaanzia wapi na kuishia wapi. Sakafu iwe ya kijivu ama ya udongo, ukuta mweupe, kifuniko cha choo kiwe na rangi nyingine, na vyuma vya kushikilia visifanane na ukuta. Ukifanya hivyo hata hujalipa mbunifu na bafu inatoka smati.

Vyuma. Hapa wacha nikiri kosa langu. Miaka ya kwanza kwanza nilifungia mzee mmoja wa South B chuma cha kushikilia kando ya choo, ukuta ulikuwa wa bloku zenye shimo ndani, nikatumia zile plagi za kawaida za plastiki, nikavuta na mkono nikaona imeshika. Wiki ya pili mzee alikishika akiinuka na kikatoka na kipande cha plasta. Hakuvunjika, alikaa tu tena kwa choo na kuniita jina ambalo siwezi kuandika. Tangu hapo natoboa nione vumbi linalotoka ni la nini. Ukuta wa mawe ya kukatwa na mashini, yale ya Ndarugo, unashika anka, zile bolti za kufungia ukutani, vizuri. Bloku yenye shimo inataka shimo lijazwe simiti ama anka ya kemikali, ama bolti ipite hadi upande wa pili na bati nyuma. Kwa bafu yako ukuta bado utakuwa wazi, kwa hivyo fundi ajaze simiti pale vyuma vitakapokaa kabla ya taili na apime aandike. Cha mlalo kando ya choo kiwe kati ya sentimita 80 na 90 kutoka sakafuni, cha wima mahali anaingilia shawa. Unene wa kushikika na mkono wa mama, inchi moja na robo hivi. Kikifungwa mimi huning'inia na uzito wangu wote, na mimi si mdogo. Fundi wako akikataa kuning'inia hata wewe usimlipe. Na reli ya taulo si chuma cha kushikilia, tafadhali.

Kitu ambacho hujaniuliza. Mama anaoga na nini? Manake nimetengeneza bafu za shawa nzuri, nikirudi nakuta beseni. Mama zetu wengi wa ushago wanaoga na beseni na hawatabadilika kwa sababu umenunua shawa, na kusema ukweli kwa Nairobi hii ya mgao wa maji beseni haijapitwa na wakati, mifereji ikikauka siku tatu ni beseni itaokoa nyinyi wote. Kwa hivyo jengea ndani ya bafu benchi ya zege yenye taili, urefu ule ule wa choo, ajikalishe hapo, na kando yake kajukwaa ka kuwekea beseni ili asiiname, na mfereji wa kawaida juu yake, kama sentimita 75 kutoka sakafuni. Hapo hapo ukutani weka shawa ya mkono yenye paipu ndefu, mita moja na nusu, akitaka ataitumia akiwa amekaa. Usimwekee kile kiti cheupe cha plastiki cha sherehe, kwa taili yenye maji miguu inapanuka kama mbuzi aliyezaliwa leo.

Maji moto. Chini una bahati, manake presha ya tangi ni urefu tu, kila mita kumi ni ba moja, ba ndio kipimo cha presha, tangi lenu liko juu ya paa kwa hivyo shawa ya chini inapata kama nusu ba, ya juu haipati hata robo, ndio mnalia kila siku kuhusu pampu. Shawa ya stima ya papo hapo inatosha. Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi, nunua ile imeandikwa ni ya maji ya chumvi, ya kawaida itaungua miezi michache tu. Lakini waya! Hiyo kitu inakula kama wati 5,500, yaani zaidi ya ampea 20, huwezi kuiunganisha na waya wa soketi ya jikoni kama nilivyoona watu wakifanya. Waya wake mwenyewe wa milimita sita kutoka kwa bodi, breka yake, eathi inayofanya kazi, ule waya wa kupeleka stima ardhini, na ile swichi ya usalama ya miliampea 30 inayokata stima ikivuja. Swichi ya kuwasha iwe nje ya mahali maji yanafika. Ukigusa mfereji ukasikia kamshtuko kadogo, hiyo si kawaida ata kama majirani wote wanakwambia ni kawaida, ni eathi. Tumia fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, muulize akuonyeshe, hatakasirika kama anayo.

Taa iwe ya kuwaka yenyewe mtu akipita, kutoka kitandani hadi choo, na moja ya kuchaji kwa siku stima imepotea.

Wakati mmefungua ukuta angalia paipu. Kama nyumba ni ya zamani na paipu za maji ni za chuma, zimeoza ndani, shimo limebaki la penseli. Badilisha na PPR, zile za kuchomwa na mashini, hapo hapo. Ukiweka taili juu ya paipu mbovu utavunja taili ndani ya miaka miwili. Na kabla ukuta haujafunikwa piga picha za paipu zote na waya zote ukiwa umeshikilia tepu kwa picha, siku ya kutoboa shimo la kioo utanishukuru.

Jikoni sitakaa sana. Usibomoe, usihamishe sinki wala jiko la gesi, manake kuhamisha maji na gesi ndio kunakula pesa. Ya kufanya ni haya. Kabati za chini toa milango uweke droo zinazovutika hadi mwisho, sufuria za ugali na za chapati zikae kati ya kiuno na goti, si chini kabisa huko mtu anapiga magoti kutafuta. Vitu vya stoo vitapanda kwa kabati moja refu hadi dari pale ukuta unaobaki, unga na mchele katikati, vya Krismasi juu. Kona moja ya kaunta iwe chini kidogo, sentimita 75 hivi, chini yake wazi bila kabati, mama avute kiti achambue sukuma na kuchagua ndengu akiwa amekaa. Usicheke hiyo kona. Mama ambaye amekaa kitandani siku nzima akiangaliwa ni tofauti na mama ambaye yuko jikoni akikusengenyea majirani.

Chini ya sinki usiweke MDF, zile bodi za unga wa mbao uliobanwa, ikinywa maji inafura kama andazi. Weka marine bodi, ile plaiwudi ya kuvumilia maji, ama zile rafu za zege za kizamani ukazibandika taili na kuweka milango mipya mbele, hizo kabati hazifi. Mtungi wa gesi wa kilo 13 uende nje kwa kijumba chenye matundu chini, manake gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na sasa utakuwa na mzee anayelala chini karibu nayo. Urembo utaupata kwa milango mipya, vishikio vya umbo la D vya kuingiza vidole vyote, na ukanda wa taa chini ya kabati za juu. Graniti kama pesa itabaki, na kama haitabaki terazo iliyosuguliwa vizuri inapendeza hata zaidi, ni vile tu watu wameisahau.

Pesa: kwa ile 450,000 weka kando kwanza kama elfu hamsini usiiguse, lazima kitu kitatokea mkifungua sakafu. Bafu ichukue inayotaka, jikoni ile inayobaki. Vifaa nunua wewe ukiwa na fundi dukani, yeye mlipe kazi kwa hatua, sakafu na paipu zikiisha na maji ya jaribio yakisimama, analipwa, taili zikiisha analipwa, na kipande cha mwisho anakipata ukiwa umeoga hapo wiki nzima. Na kwa vile mtakuwa mnatumia choo cha juu wakati huo, hii kazi iishe mama akiwa bado Kitui, usimlete kwa vumbi. Mwezi mmoja unatosha mkianza wiki hii.

Nitumie vitu vitatu kesho nikuambie kama huo ukuta wa stoo unatoka: unene wake pale mlangoni, picha ya chumba cha juu kilichokalia hapo, na picha ya gali trapu ya nje kifuniko kikiwa kimetolewa. Na ile namba ya nyuma ya goti.